Uso Usioweza Kujibu

Mtu akimkazia macho mwanamke mzuri njiani, mwanamke huyo ana njia nyingi za kumjibu. Aweza kugeuza uso, aweza kukunja kipaji, aweza kujifunika ukaya wake, aweza kutamka neno moja tu likamrudishia mtazamaji adabu yake. Macho yakikutana na macho mengine hupata mpaka. Lakini mtu aliyeketi gizani mbele ya sinema bubu, akautazama uso wa mwanamke uliokuzwa hata ukawa mkubwa kuliko mlango wa nyumba, hana mpaka wa namna hiyo. Atautazama apendavyo na kwa kadiri apendavyo, wala hapana wa kumrudi. Uso ule haumwoni. Na ijapokuwa midomo yake yachezacheza, kinachosemwa hakisikiki. Fauka ya hayo, wenye nyuso hizo wamekwisha kufa.

Swali ninalotaka kulichungua ni hili: je, liko deni baina ya mtazamaji wa namna hiyo na yule anayetazamwa? Au kivuli ni kivuli, na mtu hawezi kukidhulumu kivuli? Sikulizua swali hili ili kuwalaumu wengine. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaozihusudu nyuso hizo, na neno hilo nalitumia kwa makusudi, maana lugha yetu imefanya busara kuliacha neno moja libebe mambo mawili. Kumhusudu mtu ni kumstaajabia kupita kiasi, na kumhusudu mtu ni kumwonea kijicho. Asiyeona jinsi mambo mawili hayo yawezavyo kulala kitanda kimoja hajapata kuwa shabiki wa mchezaji wa sinema.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi nyuso hizo zilivyofanywa, kwa kuwa hazikuzaliwa hivyo tuzionavyo. Sinema ilianza kuonyeshwa kwa umma katika miaka ya 1890, na kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini ilikaa bila ya sauti yake yenyewe. Kilichosikika ukumbini kilikuwa piano au bendi, na maneno machache yaliandikwa juu ya kiwambo. Mzigo wote wa moyo wa mwanadamu ulitwikwa uso. Filamu za zamani hizo hazikuweza kuiona rangi nyekundu: midomo iliyopakwa rangi hiyo ilitoka myeusi, na macho ya buluu yalitoka meupe kama ya kipofu. Kwa sababu hiyo wachezaji walipambwa kwa kipimo cha kamera, si kwa kipimo cha macho ya watu. Hendrik Sartov, aliyempiga picha Lillian Gish, alitumia lenzi iliyolainisha mistari ya uso hata ngozi ikaonekana kama inatoa nuru ya ndani. Tunapousifu uzuri wa Gish katika Broken Blossoms ya mwaka 1919, basi, twausifu uso wa binti mmoja pamoja na akili ya fundi mmoja, na si kazi rahisi kukata mpaka baina yao. Sioni kosa katika hilo. Bibi harusi wetu naye hupambwa, wala hapana asemaye kwamba uzuri wake usiku ule ni mali ya mpambaji.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, mwongozaji wa filamu aliyeitwa Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo wanafunzi wa sinema hulisimulia hata leo. Alichukua kipande cha filamu chenye uso wa mchezaji Ivan Mosjoukine, uso mtulivu usioonyesha kitu dhahiri, akakiunganisha mara na picha ya sahani ya supu, mara na picha ya maiti sandukuni, mara na picha ya mtoto achezaye. Kama alivyosimulia mwenzake Pudovkin, watazamaji waliusifu sana ustadi wa mchezaji. Waliona jinsi alivyoitamani supu, jinsi alivyomhuzunikia marehemu, jinsi alivyomfurahia mtoto. Uso ulikuwa ule ule mmoja. Njaa, msiba na furaha vilitoka kwenye viti vya ukumbini.

Jaribio hilo hunitia wasiwasi kila ninapojishika nikisema, juu ya mwanamke fulani aliyechezea sinema mwaka 1926, kwamba macho yake yana huzuni ya mtu aliyejua mengi. Nani aliyeitia huzuni hiyo machoni mwake? Yamkini ni yeye. Yamkini ni mimi, jioni ile nilipokuwa na huzuni yangu.

Wenye makampuni walilijua jambo hili kabla ya wanafalsafa, nao hawakumwachia mtazamaji peke yake kazi ya kuujaza uso mtupu. Theodosia Goodman alizaliwa Cincinnati, Marekani, mwaka 1885, binti wa fundi cherehani. Kampuni ya Fox ilipomtoa katika A Fool There Was mwaka 1915, akicheza mwanamke afyonzaye wanaume hata wakaangamia, ilimtangaza kwa jina la Theda Bara, ikamsingizia nasaba ya mbali: eti alizaliwa Misri, jangwani. Wakawaonyesha watu kwamba herufi za jina lake zikipangwa upya kwa Kiingereza husomeka “mauti ya Mwarabu”. Waarabu na Misri waliingizwa katika habari hii kwa sababu moja tu, kwamba umma wa Marekani ulikuwa umezoea kuyaweka Mashariki mambo yote uliyoyatamani na kuyaogopa. Binti wa fundi cherehani alipigwa picha pamoja na mafuvu ya watu na manyoya ya kunguru, naye akavumilia, maana ndiyo iliyokuwa kazi.

Kilichompata baadaye ni kigumu zaidi. Filamu za zama zile zilifanywa kwa nitrati, kitu kishikacho moto upesi mno. Mwaka 1937 ghala ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, iliungua, na sehemu kubwa ya kazi za mwanamke huyo ikageuka majivu. Alikuwa amecheza filamu zipatazo 40. Zilizosalia nzima ni chache sana, na Cleopatra yake ya mwaka 1917 imebaki vipande tu. Hakuwa peke yake. Uchunguzi uliotolewa na maktaba ya taifa ya Marekani mwaka 2013 ulionyesha ya kuwa, katika filamu ndefu za bubu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, zilizosalia katika hali yake ya asili ni kama asilimia 14. Wamsifuo Theda Bara leo, aghalabu, huzisifu picha za matangazo, yaani huusifu uwongo wa kampuni, kwa kuwa kazi yenyewe haipo tena. Alifariki mwaka 1955.

Hapa mshindani wangu atasimama aseme: “Unajisumbua bure. Kumsifu mtu si kumtukana. Mwenye kusifiwa hapotezi kitu, na akiwa amekufa hana hata cha kupoteza.” Neno hili lina nguvu kidogo, nami nimelitumia mara nyingi kujitetea. Lakini halikuwa kweli walipokuwa hai, na mazoea ya kutazama ambayo sisi twayarithi yalifanyika walipokuwa hai. Clara Bow, aliyekulia katika ufukara wa Brooklyn, alipendwa mno baada ya filamu ya It ya mwaka 1927. Umma ulidhani kwamba yule msichana mcheshi wa kiwamboni ni wa kila mtu. Na mwaka 1931, kesi ya mwandishi wake binafsi ilipofika mahakamani, magazeti yaliyafungua mambo yake ya siri kama yanayopekua sanduku la marehemu. Afya yake ikavunjika, na mwaka 1933, akiwa na miaka 28, akaiacha sinema. Wengi katika wale walioyanunua magazeti yale walikuwa mashabiki wake.

Na Anna May Wong je? Huyu alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, wazee wake wakiwa Wamarekani wenye asili ya Kichina. Alikuwa na miaka 17 alipocheza The Toll of the Sea mwaka 1922, na kila aliyemwona alikiri uzuri wake. Lakini uzuri huo ulikiriwa kwa sharti la kwamba asiupate mwisho mwema. Katika filamu hiyo hujitosa baharini. Katika Piccadilly ya mwaka 1929, aliyoicheza Uingereza baada ya kuikimbia Hollywood, huuawa. Sinema ilipopata sauti, na kampuni ya MGM ilipotengeneza The Good Earth ya mwaka 1937, hadithi ya wakulima wa China, nafasi ya mke aliyoitumaini alipewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani. Kumsifu kulikuwa njia ya kumkawiza. Watu walimpa macho yao wakamnyima mahali pa kukaa, na walipolala usiku dhamiri haikuwasumbua, maana si walimsifu? Naliona jambo hili kuwa ndilo ovu kuliko yote katika habari za usifu. Sifa huweza kulipwa badala ya haki, kama mtu amlipaye mfanyakazi wake kwa maneno matamu siku ya mshahara.

Niseme sasa juu ya yule ambaye kwa ajili yake nilianza kuyafikiri haya. Louise Brooks alizaliwa Kansas mwaka 1906. Alikuwa na miaka 15 alipojiunga na kundi la ngoma la Denishawn. Mwaka 1925 alicheza katika Ziegfeld Follies huko New York, na mwaka huo huo akafunga mkataba na Paramount. Nywele zake nyeusi, zilizokatwa sawasawa juu ya nyusi kama kofia ya askari, zilipendeza hata wasichana wakaziiga. Mwaka 1928 kampuni ilimnyima nyongeza ya mshahara aliyoitazamia. Wengine walikubali, kwa kuwa waliiogopa sauti iliyokuwa ikiingia katika sinema. Yeye akaondoka, akavuka bahari kwenda Berlin, alikoitwa na mwongozaji G. W. Pabst. Nyuma yake Paramount ilikuwa na filamu moja, The Canary Murder Case, ambayo alikwisha kuicheza bubu. Walimtaka arudi atie sauti, naye akakataa. Basi walimtafuta mwanamke mwingine, Margaret Livingston, akasema mahali pake. Na filamu ilipotoka mwaka 1929, watu waliuona uso wa mmoja wakasikia kinywa cha mwingine. Ikavumishwa kwamba sauti ya Brooks haikufaa.

Sijapata kuona mfano ulio wazi kuliko huo wa jambo tufanyalo sote. Huukuta uso mzuri ulionyamaza, tukautia sauti tuitakayo, kisha tukasema kwamba sauti ya mwenyewe haifai.

Filamu aliyoicheza Berlin, Die Büchse der Pandora, yaani Sanduku la Pandora, ilitoka mwaka 1929, na kwa maoni yangu yahusu jambo hili hili. Brooks ni Lulu. Kila amtazamaye Lulu humwona kwa haja yake: Daktari Schön huyaona maangamizi yake mwenyewe, mwanawe huona ndoto ya sanaa, mzee Schigolch huona pesa za ulevi, na mwendesha mashtaka mahakamani humwita Pandora aliyeyafungulia maovu ulimwenguni. Lulu hayuko katika maelezo yao hata moja. Mwisho wake ni London, usiku wa Krismasi, katika ufukara wa kutupwa. Mwanamume amfuata ngazini, kisha asita, asema kwamba hana fedha. Lulu amnyoshea mkono, atabasamu, amwambia apande vivyo hivyo kwa kuwa ampenda. Mwanamume akitupa kisu alichokificha nyuma yake. Kwa muda mfupi wameketi pamoja kama watu wawili tu. Kisha mng'ao wa kisu kingine mezani wamrudisha katika wazimu wake. Hatuuoni mwili ukichomwa. Twauona mkono wa Lulu ukilegea mgongoni mwa mtu yule.

Nimelitazama tukio la ngazini mara nyingi. Brooks hafanyi lolote kwa mikono, hainui macho mbinguni, hapanuki mianzi ya pua kama walivyozoea wengi wa zama zake. Atazama tu. Amtazama mtu yule pasipo kumtengenezea hadithi, na pengine huyo ndiye mtu pekee katika filamu nzima ajuaye kutazama. Wakosoaji wengi wa Berlin hawakupendezwa. Walisema haigizi, tena ni Mmarekani aliyeinyang'anya nafasi ya mwanamke wa Kijerumani.

Miongoni mwa watu wa Berlin waliomwona kwa macho yao alikuwamo Lotte Eisner, mwandishi hodari wa mambo ya sinema. Siku moja alikwenda studio akamkuta Brooks ameketi kando, akingoja zamu yake, anasoma kitabu cha Schopenhauer kilichofasiriwa kwa Kiingereza. Wazo lililomjia kwanza Bibi Eisner lilikuwa kwamba hiyo ni hila ya watangazaji wa kampuni. Pana methali isemayo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tumeizoea mno methali hiyo hata tukiuona mkakasi twaapa kwamba ndani mna mti, wala hatuoni haja ya kufunua kifuniko. Mwaka 1952, katika kitabu chake maarufu juu ya filamu za Kijerumani, Bibi Eisner bado aliuliza kama Brooks alikuwa msanii mkubwa, au kama alikuwa kiumbe cha kuvutia tu ambaye uzuri wake huwanasa watazamaji wakampa undani asioujua mwenyewe. Swali zuri, lingeweza kuulizwa na Kuleshov. Ila katika matoleo ya baadaye Bibi Eisner aliyabadili maneno yake, akakiri kwamba Brooks alikuwa mchezaji wa ajabu mwenye akili isiyo na mfano.

Ni nini kilichobadilika? Filamu hazikubadilika hata picha moja. Kilichobadilika ni kwamba uso ulikuwa umepata kujibu. Mwaka 1955 Henri Langlois aliitundika picha kubwa ya Brooks kwenye maonyesho ya sinema mjini Paris, akamtangaza kuwa yu juu ya Garbo na Dietrich. Wakati ule mwenyewe alikuwa akiishi New York, maskini, amesahauliwa. Katika miaka ya 1940 alipata kuuza katika duka la Saks. Sifa iliyovuma Paris haikumnunulia mkate. Ndipo James Card, mtunzaji wa filamu katika George Eastman House, alipomtafuta, akamshauri ahamie Rochester. Alihamia mwaka 1956, akaanza kuzitazama filamu za zamani kwa makini na kuandika.

Alichoandika hakikuwa kumbukumbu za mrembo. Katika makala yake juu ya Gish na Garbo, iliyochapishwa mwaka 1959, alipitia magazeti ya zamani ya sinema na kueleza kwamba kuanguka kwa Lillian Gish hakukutokana na umri wala na kuchokwa na watu: wakubwa wa kampuni hawakumtaka mchezaji wa kike mwenye mshahara mkubwa na uwezo wa kuchagua kazi zake, nao walimpata Garbo, kijana na wa bei nafuu. Yawezekana mtu akabishana naye katika sehemu fulani za hoja hiyo. Lakini tazama namna yake ya kumhusudu mwenzake. Hakuishia kwenye nuru ya ngozi. Aliuliza nani aliyelipa, nani aliyefukuza, na kwa nini tuliambiwa vinginevyo.

Mshindani wangu hajaketi bado. Ataniuliza: “Je, kama Brooks asingekuwa na akili? Kama asingeandika hata mstari, ungemnyima sifa?” La. Hapo ndipo Bibi Eisner naye, kwa maoni yangu, alipojikwaa kidogo katika kutubu kwake, kwa kuwa alitoka katika shaka akaingia katika kusifu, kana kwamba hapana njia ya tatu. Lulu wa ngazini alikuwa kazi kubwa mwaka 1929, kabla ya makala yoyote, na ingekuwa kubwa vile vile lau mwenye kuifanya hakujua kusoma. Deni letu si kusadiki kwamba kila mzuri ana hekima. Hiyo nayo ni njia nyingine ya kumtia sauti. Deni letu ni kuliacha wazi lile pengo asilosema, na kujua kwamba lile tulilolimwaga humo ni letu. Theda Bara hakupata kutujibu kwa kitabu. Si kwamba hakuwa na la kusema.

Wala sisemi kwamba tuache kutazama. Mtu awezaye kuutazama uso wa Gish juu ya barafu ya Way Down East, nywele na mkono wake vikiburutwa katika maji ya baridi kwelikweli, asisikie kitu kifuani, huyo hana sifa ya uadilifu kwa sababu hiyo. Ana ukavu tu. Gish alilala juu ya barafu ile yeye mwenyewe, na wazo la kuuacha mkono majini lilikuwa lake. Huko nako ni kujua: kwamba mkono ule tuuonao mzuri ulikuwa ukiuma.

Louise Brooks alifariki Rochester mwaka 1985. Miaka mitatu kabla ya hapo makala zake zilikusanywa katika kitabu kimoja, kikaitwa Lulu in Hollywood. Alikuwa mzee wa miaka 75, mapafu na viungo vikimsumbua, amekwisha kusema kwa kinywa chake yote aliyotaka yasemwe, na bado jina lililowekwa katika anwani ya kitabu ni la kile kivuli cha Berlin. Kimejaa picha kitabu hicho. Nami nilipokipata, nakiri, nilizitazama picha kwanza.